Nilizipunguza Saa za Njia, Lawama Akabeba Mjomba

Barua hii ilinifikia Jumanne, na aliyeiandika alikuwa na muda mpaka Ijumaa tu. Kwa hivyo sikungoja zamu ya gazeti. Jibu nilimpelekea nyumbani kwake kwa mkono. Leo nazichapa zote kwa idhini yake: barua, jibu, na aliyoniandikia wiki tano baadaye. Majina nimeyabadilisha.
Bi Wanu

*

Kwa Bi Wanu,

Baada ya salamu, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa haijafika. Mimi ni msomaji wako wa kila wiki, na sikudhani hata siku moja kwamba nami nitakuandikia, maana nilikuwa nikizisoma barua za watu huku nikimwambia mke wangu, "Huyu haya kayataka mwenyewe," na leo haya nimeyataka mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa skuli, umri wangu miaka ishirini na tisa, nakaa Jang'ombe na mke wangu Mwanakheri na mtoto wetu mmoja. Kwetu khasa si mjini. Mama yangu ni mtu wa Kizimkazi, nilizaliwa huko na kukaa huko mpaka nilipotimia miaka minane, ndipo baba akanileta mjini kusoma, na katika miaka hiyo aliyenilea pamoja na mama ni kaka yake, mjomba wangu Pandu, ambaye hajui kusoma barua lakini hakuna njia ya maweni ya kusini asiyoijua, kwani ameyatembea kwa mguu mtupu tangu utoto wake akitafuta kuni, asali na mbuzi waliopotea.

Hapa mjini tuna chama chetu kidogo, watu saba, walimu na makarani, tunakiita Kafi na Mguu, kwa sababu kazi yake ndiyo hiyo: siku za likizo tunakodi mitumbwi mitatu, tunapiga kafi kandokando ya pwani kutoka kijiji hadi kijiji, na njiani tunashuka tukatembea kwa miguu kutazama mapango, magofu na visima vya zamani. Mwenyekiti wetu ni Maalim Mmanga, mtu wa miaka hamsini na tano, aliyenisomesha mimi mwenyewe nilipokuwa mtoto, na mimi ni katibu. Likizo iliyopita tulikubaliana safari ya siku tatu, tuanzie Unguja Ukuu, tupite mkondo wa Uzi katikati ya mikoko, kisha tuteremke na pwani mpaka Kizimkazi, na kazi ya kupanga matembezi ya nchi kavu wakanipa mimi, kwa kuwa huko ni kwetu.

Wiki tatu kabla ya safari nilipanda gari ya shamba nikaenda kwa Mjomba Pandu kumuuliza njia, na nilikuwa na daftari langu na kalamu. Lipo hori moja upande ule, mlango wake mwembamba, kuta za mawe zimesimama huku na huku juu kuliko mapaa ya nyumba, na maji yakijaa mtumbwi unaingia mpaka ndani kabisa, lakini yakitoka hubaki tope na mizizi ya mikoko. Ndani ya hori ndipo inapoanza njia ya kwenda kwenye pango lenye maji matamu, na njia yote ni maweni matupu, mawe makali kama meno, hakuna kivuli cha kumfunika mtu wala tone la maji mpaka ufike pangoni. Nikamuuliza Mjomba ni mwendo wa muda gani.

Akaniambia, "Kwa mguu wangu mimi, saa moja. Kwa mguu wenu nyie wa viatu, saa moja na nusu kwenda, na kurudi vile vile, tena jua lishapanda. Siku hizo maji yatajaa saa mbili asubuhi, na ikifika saa nne yatakuwa yanakimbia horini. Mitumbwi msiiache ndani. Mmoja wenu atoke nayo mpaka mlangoni awangoje huko. Maji ya kunywa, kila mtu chupa tatu. Na siku hiyo msiongeze pahala pengine, pango linatosha."

Nikayaandika yote. Kisha akasema, "Tena mimi ntakwenda nanyi. Njia ile ina panda, inagawanyika, na mgeni haioni."

Nikasema, "Haina haja, Mjomba. Tusikusumbue."

"Usumbufu gani? Nyie si wageni wangu?"

"Nshasema haina haja."

Akaingia ndani akanitolea mihogo ya kuchukua kwa watoto.

Sasa nakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu, Bi Wanu. Sikumkataa kwa sababu ya usumbufu. Mjomba anasema kikwao, anasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ambo ya maji, anakula kwa haraka na kujifuta mkono kwenye shuka, na mimi niliwaona wenzangu kwa macho ya moyo, makarani wenye saa za mkononi na Maalim Mmanga anayesahihisha Kiswahili cha kila mtu, wakitazamana pale atakapofungua mdomo, na nikaona haya. Niliona haya kwa mtu aliyenifundisha kuogelea.

Niliporudi mjini nikaketi kuandika ratiba, na nilitaka iwe ratiba ya kukumbukwa. Siku ya pili nilitaka tuone pango, kisha magofu, kisha kisima kilicho juu ya jabali, mambo matatu kabla ya alasiri, lakini kwa saa alizonipa Mjomba lilienea moja tu. Basi nikazipunguza. Nilijiambia kwamba wazee wa shamba hawana saa, wanakisia tu, na penye saa moja na nusu nikaandika nusu saa. Chupa tatu nikaandika moja, ili mitumbwi iwe myepesi. Habari ya mtu wa kubaki na mitumbwi nikaiacha kabisa. Nikaipiga taipu ratiba ile kwa mashine ya skuli, nakala saba, na wenzangu walipoiona wakasema haijapata kutokea ratiba kama hiyo katika chama chetu.

Siku ya pili tukaingia horini saa mbili na nusu, maji yamejaa, kila mtu amefurahi. Mwenzetu Simai akauliza, "Hii mitumbwi inabaki na nani?" Nikamwambia, "Nusu saa tu, Simai. Nani ataiiba hapa?" Tukapanda mawe. Nusu saa ikapita, saa moja ikapita, Maalim Mmanga akaniita, "Miraji, bado?" Nikajibu, "Tumeshafika, Maalim, ni pale mbele." Ile panda sikuiona. Tulifuata njia ya wakata kuni mpaka ikaishia kwenye vichaka, tukazunguka kutafuta pango zaidi ya saa nzima, na chupa zilikuwa tupu tulipokata shauri kurudi. Tulipofika horini ilikuwa saa saba. Mitumbwi ilikuwa imelala ubavu kwenye tope, mbali na maji kiasi ambacho hatukuweza hata kuyaona.

Maalim Mmanga akavua viatu ili aende akachukue mtungi mdogo uliobaki mtumbwini. Nilimwona akishuka na sikumzuia. Alikwenda hatua kumi, akakanyaga chaza zilizoshika kwenye mzizi, mguu ukapasuka chini kutoka kidole gumba mpaka katikati ya wayo. Tulimtoa kwenye tope na mtungi tukaupata, lakini maji yake yalikuwa mafunda mawili mawili kwa watu saba. Tukakaa kwenye jua lile tangu saa saba mpaka saa kumi na moja maji yaliporudi, hapana pa kujificha ila kivuli chembamba cha jabali, na Maalim akazimia mara mbili. Mimi nilimbeba mgongoni nikimhamisha kila kivuli hicho kilipohama, na magoti yangu yana makovu mpaka leo.

Tulifika Kizimkazi magharibi. Aliyetupokea pwani ni Mjomba Pandu. Alimwosha Maalim mguu kwa maji ya moto na chumvi, akamlaza kitandani kwake mwenyewe, akatoka kwenda kisimani kuongeza maji. Hapo ndipo Maalim, maumivu yamemzidi, akaniuliza mbele ya wote, "Miraji, ni nani aliyekwambia nusu saa?"

Nikasema, "Mjomba wangu."

Maneno mawili, Bi Wanu. Sikuyapanga. Yalitoka tu, na yalipokwisha kutoka sikuyarudisha.

Maalim alilazwa hospitali siku kumi na nane, na kidole gumba cha mguu kimekatwa. Sasa anatembea kwa mkongojo. Kila anayekwenda kumtazama humwambia, "Kama si Miraji kunibeba, ningelikuwa maiti," na watu wananisimamisha njiani kunipa mkono. Wiki iliyopita chama kilikutana kikaamua kwamba ni wajibu wetu kuwaonya wengine, na kwamba iandikwe barua kwa sheha wa kule, na nakala kwa skuli zinazopeleka watoto matembezini, kusema kwamba Pandu si mtu wa kuaminiwa kwa habari za njia. Na mwenye kuandika barua ni katibu. Katibu ni mimi. Ijumaa baada ya sala ya alasiri inasomwa mkutanini na kutiwa saini.

Nimeianza mara nne na kuichana. Nikiiandika, ninamzika mjomba wangu akiwa hai. Nikisema kweli, Maalim Mmanga atajua kwamba kidole chake nimekikata mimi na kwamba nimemwacha mwezi mzima anishukuru. Nimefikiria kusema mashine ya taipu ilikosea. Nimefikiria kujiuzulu ili barua aiandike mtu mwingine. Mwanakheri nilimweleza nusu ya habari, nusu nyingine akaijua mwenyewe, akaniuliza tu, "Mjomba akija hapa, mimi ntamtazama vipi?" Naomba uniambie nifanye nini, na usinionee huruma.

Wako katika dhiki,
Katibu, Jang'ombe

*

JIBU

Katibu,

Umeniomba nisikuonee huruma. Ntakuonea kidogo, kisha basi.

Najua namna maneno mawili yanavyotoka kwa mtu aliyeungua na jua siku nzima, mwenye kiu, mwenye khofu, na mbele yake amelala mwalimu wake anavuja damu. Mtu katika hali ile husema lolote. Ungekuja kwangu asubuhi yake, ningekwambia, nenda kasahihishe, na habari ingekwisha kwa kikombe cha kahawa. Na kumbeba ulimbeba kweli, hilo hakuna atakayekunyang'anya. Huruma yangu imeishia hapo.

Wewe hukuja asubuhi yake. Umekuja baada ya kidole kukatwa na mikono kupewa. Mwezi mzima umekula shukurani za mtu uliyemwangusha mwenyewe, na sasa unataka nikuchagulie baina ya mashine ya taipu na kujiuzulu. Mashine ya taipu haikuzaliwa Kizimkazi, haikulelewa na Pandu. Iache. Na kujiuzulu ili mwenzio ashike kalamu ni uongo ule ule, umeutia mkononi mwa mtu asiyejua. Barua ile ikiandikwa na yeyote, umeiandika wewe.

Tena nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimeona unalia zaidi kwa zile saa ulizopunguza. Saa ni kosa, lakini si kosa kubwa. Kijana akitaka kusifiwa hupunguza saa, huongeza samaki, hurefusha safari, na dunia humfundisha. Kosa lako kubwa limo katika yale maneno uliyosema hujamwambia mtu. Ungemchukua mjomba wako siku ile, panda ya njia ingeonekana, mitumbwi ingekuwa mlangoni, na Maalim Mmanga angekuwa na vidole kumi. Hukumchukua kwa sababu anasema kikwao. Mkataa kwao mtumwa, walisema waliotutangulia, na wewe ulikuwa mtumwa wa watu sita wenye saa za mkononi ambao, nakwambia kweli, wangeinywa ile sauti yake kama uji pale walipokuwa wamepotea kwenye jua.

Mimi mwenyewe ni mtoto wa shamba. Nilipoletwa mjini niliolewa nyumba ya watu wanaocheka upesi, na najua vizuri huo moto wa haya unaopanda shingoni pale ndugu yako anapofungua mdomo. Unapanda kwa kila mtu. Lakini mtu mzima huuacha ukapoa palepale shingoni, hauachii ukashuka mpaka kwenye ulimi.

Sasa sikiliza, maana siku zimebaki tatu.

Barua ya sheha usiiandike hata mstari. Kesho au kesho kutwa, kabla ya mkutano, nenda kwa Maalim Mmanga peke yako. Mguu ni wake, ana haki ya kusikia kabla ya wengine, wala si haki ajue mkutanini mbele ya watu. Usianze na namna ulivyombeba. Usitaje magoti yako. Chukua lile daftari uliloandika maneno ya Pandu na ile ratiba yako ya taipu, viweke mbele yake sako kwa bako, umwambie, "Hivi ndivyo alivyosema, na hivi ndivyo nilivyoandika." Kisha nyamaza. Akikufukuza, toka kwa adabu. Akikutukana, pokea. Usimwombe msamaha siku hiyo hiyo kama mtu anayedai chenji yake; omba, lakini usingoje jibu mlangoni.

Ijumaa nenda mkutanini, sema vile vile mbele ya wote, kwa maneno machache, na ukatibu uweke mezani. Wakikurudishia ni hiari yao, wasipokurudishia ni haki yao.

Kisha panda gari ya kwanza uende Kizimkazi. Usimpeleke mama yako akuombee, wala usibebe mzigo wa zawadi kama unayekwenda kuposa. Nenda mikono mitupu, umwambie Pandu yote, na nikisema yote nakusudia na lile la haya. Utataka kulificha hilo. Utajiambia kwamba la saa linatosha, kwa nini umwumize mzee bure. Humfichi kwa huruma, unajificha wewe. Akisikia la saa peke yake atakusamehe kosa ambalo silo, na utarudi mjini na donda lile lile chini ya bandeji mpya.

Na ukisamehewa au usisamehewe, safari ya kusini mtaiandaa tena, kwa sababu watu wanaopenda kutembea hawakomi. Basi usiandike tena ratiba ya njia ambayo hukuipitia. Itembee kwanza mwenyewe, umevaa viatu, na saa yako mkononi, na mwenye njia yuko mbele yako. Kwa watu wa mjini ongeza, usipunguze. Maji yapime kwa mwenye umri mkubwa kuliko wote, wala si kwa mwenye nguvu kuliko wote. Na mkiingia hori lolote, abaki mtu na vyombo.

Mkeo amekuuliza atamtazama vipi mjomba wako. Swali hilo ni lako, amekuazima tu mdomo wake. Mrudishie jibu.

Bi Wanu

*

BARUA YA PILI

Kwa Bi Wanu,

Nilifanya ulivyoniambia, na nakuandikia ujue yalivyokuwa, na si yote mazuri.

Alkhamisi nilikwenda kwa Maalim Mmanga. Alikuwa amekaa, mguu juu ya kibao. Nikaweka daftari na ratiba mbele yake, nikasema yale maneno. Alivaa miwani akasoma vyote viwili pole pole, kama anavyosahihisha madaftari ya skuli, kidole chake kikifuata mstari. Kisha akavua miwani.

"Mwezi mzima, Miraji," akasema.

"Naam, Maalim."

"Nimewaambia watoto wangu kwamba wewe ni mwanangu."

Akaniambia, "Nenda zako. Kesho tutaonana mkutanini." Nikatoka. Mkewe alikuwa anakuja na chai, akanishangaa.

Ijumaa nilisema mbele ya wote. Simai alikuwa wa kwanza kukasirika, akasema, "Na mimi nilikuuliza mitumbwi inabaki na nani!" na wengine wakafuata, na mmoja akataka nitolewe chamani siku ile ile. Maalim Mmanga aliwaacha waseme mpaka wakachoka. Kisha akasema, "Kidole hakirudi kwa kumfukuza mtu. Barua ya sheha hakuna. Ukatibu atauchukua Simai. Na huyu atabaki, lakini kila safari mtungi wa maji atabeba yeye, mpaka mimi nitakaposema basi." Hivyo ndivyo ilivyoandikwa katika kumbukumbu za chama. Maalim bado hajanipa mkono. Tukionana njiani namwambia shikamoo, ananijibu marahaba, anapita.

Jumamosi nikaenda Kizimkazi. Mjomba alikuwa uani anachonga kafi. Nikamwamkia, nikakaa chini, nikaanza habari ya saa. Akanikatiza kabla sijafika mbali.

"Hilo nalijua," akasema. "Siku ile nilikuwa nimesahau kamba ya ndoo, nikarudi kuichukua. Nikakusikia mlangoni."

Nikamuuliza kwa nini hakusema kitu.

"Ningesema nini? Mgonjwa yuko kitandani, na wewe umeshikwa na khofu kama mtoto. Nikajua utasema mwenyewe ukipoa. Hilo nlishakusamehe siku ile ile."

Hapo ndipo nilipotaka kunyamaza. Naapa nilitaka sana. Msamaha nshaupata, jua linapendeza, mjomba anaendelea kuchonga. Lakini maneno yako nilikuwa nayo, basi nikamwambia na lile. Nikamwambia kwamba siku alipotaka kwenda nasi nilimkataa kwa sababu ya anavyosema, na kwamba nilimwonea haya mbele ya wenzangu.

Akaacha kuchonga. Akaweka kafi chini, akaniuliza, "Na mama yako je? Naye anasema kama mimi."

Nikasema, "Mama naye."

Akatikisa kichwa kama mtu anayepokea habari ya msiba wa mbali. "Lile la saa lilikuwa jepesi," akasema. "Hili sikulijua. Hili nipe siku zangu."

Nilikaa kwake siku tatu. Alinilisha, alinionesha njia ya pangoni, akatangulia mbele bila kusema, na mimi nikafuata na viatu vyangu na saa yangu. Saa moja na dakika thelathini na tano. Ile panda nilikuwa nimeipita mara mbili siku ile, iko wazi kabisa kwa mwenye kuambiwa. Tulipofika pangoni akachota maji kwa kifuu akanipa mimi kwanza, kisha akanywa yeye. Siku ya kuondoka nilimwambia kwaheri, akasema, "Haya," basi.

Wiki nne zikapita bila neno. Nilimwandikia mama, naye akanijibu kwa mkono wa jirani kwamba kaka yake hajambo na hasemi kitu juu yangu, si kizuri si kibaya. Mwanakheri akaniambia ningoje, kwa kuwa nimeambiwa ningoje.

Jana, baada ya adhuhuri, nilikuwa barazani kwangu pamoja na walimu watatu wa skuli, watu wapya ambao si wa chama na hawajui lolote la habari hii. Tunasahihisha mitihani. Nikamwona Mjomba Pandu anakuja na njia, shuka kiunoni, kikapu cha pweza mkavu begani. Alikuwa amekuja mjini kwa shughuli zake, na angeweza kufikia kwa watu wengine, ana jamaa wengi Jang'ombe. Alipofika mbele ya baraza akasimama. Hakusema hodi. Alisimama tu, ananitazama.

Nikainuka, nikashuka chini, nikampokea kikapu, nikamwambia shikamoo. Kisha nikawageukia wenzangu nikasema, "Huyu ni mjomba wangu Pandu, kaka yake mama. Yeye ndiye aliyenilea."

Mjomba akawasalimia. Akawasalimia kikwao, kwa sauti ile yake, na si salamu ya mkato: aliwauliza hali zao, za nyumbani kwao, za wazee wao, za kazi, za mvua, mmoja mmoja, na kila alipomaliza mmoja aliniangalia mimi kabla ya kwenda kwa mwingine. Wenzangu walikuwa wanajibu wanavyoweza. Mmoja alinitazama kama anayeomba nimfasirie, nikamfasiria. Nilisimama pale na kikapu mkononi mpaka mjomba alipomaliza kabisa, ndipo akapanda barazani, akakaa katikati yao, akamwita Mwanakheri kwa jina lake amletee maji ya kunawa.

Wako,
Miraji